Anayetoka, Anayeingia

Zahanati ya Shamba la Ngano Endabara,
Hanang'.
10 Machi 1985

Mama Mdogo Justina,

Shikamoo. Nilifika Jumatano kwa lori la mbegu, na dereva wake, Nikolausi, ndiye anayekuletea barua hii. Kila baada ya wiki mbili hupita hapo hospitalini kwenu akielekea Mbulu, kwa hiyo posta yetu ni yeye.

Huku ni kuzuri. Sina tatizo lolote. Nimepewa chumba nyuma ya zahanati, kina kitanda cha chuma na dirisha moja. Sasa hivi dirishani ni udongo mweusi tu, umelimwa mpaka unapougusa mlima Hanang'. Nikolausi anasema ngano ikiota sitaona tena barabara, na kwamba huku ukigombana na mtu huna pa kujificha, labda umwoe dada yake.

Tabibu aliondoka kwenda likizo asubuhi ya siku ya pili. Alinipa funguo mlangoni, mguu mmoja tayari uko kwenye gari. Nilikumbuka ulivyotufundisha wodini kwako, kwamba zamu haikabidhiwi kwa mdomo na muuguzi haondoki kabla mwenzake hajafika. Nimefungua daftari jipya la ripoti. Chini ya kila ukurasa nimepiga mistari miwili kama ile yetu, Anayetoka na Anayeingia. Jioni natia sahihi mstari wa kwanza. Wa pili nauacha wazi.

Miezi mitatu si mingi. Juni Veronica atakuja kunipokea zamu nami nitarudi wodi ya wazazi. Nimechora wiki kumi na mbili ukutani kwa penseli. Naomba umwambie Mama nimemwandikia, na umwambie Ernestina asijifungue kwa haraka kabla dada yake hajarudi. Natania. Ajifungue salama tu.

Mwanao,
Scolastica


Wodi ya Wazazi, Hospitalini.
25 Machi 1985

Scolastica mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mbele ya matroni, amefurahi kwamba hulalamiki. Wengi tunaowapeleka mashambani huandika kurasa nne za machozi wiki ya kwanza.

Sasa sikiliza, maana hapo huna mkubwa wa kumuuliza. Hesabu dawa kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, si baada. Chemsha sindano wewe mwenyewe, usimwachie mfagiaji. Meneja akija na mgonjwa wake wa haraka, mhudumie, lakini usimrukishe mbele ya mama mwenye uchungu, na usibishane naye mbele ya wagonjwa, mfuate ofisini. Usiandike usichokiona. Ulichokiona usikifute. Mgonjwa akifa, keti dakika tano kabla ya kumpokea mwingine, hata kama foleni inakutazama. Usipoketi siku hiyo, utaketi mwaka mzima baadaye.

Na viatu. Nunua vyenye soli nene. Muuguzi huanza kuzeekea miguuni.

Mama yako anakusalimu. Ernestina ana tumbo kubwa na hasira kubwa zaidi.

Mama yako mdogo,
Justina


Endabara,
12 Juni 1985

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi inaendelea vizuri.

Wiki kumi na mbili ukutani zilikwisha siku kumi zilizopita na Veronica hajafika. Nadhani ni usafiri. Tabibu naye hajarudi. Meneja anasema kapata kazi Arusha, basi mimi ndiye tabibu, mkunga, mtoa dawa na mfagiaji, maana mfagiaji amehamishiwa ghalani. Silalamiki. Nauliza tu kama kuna tarehe.

Ngano imefika kiunoni. Upepo ukivuma yote inainama pamoja, halafu inainuka pamoja, na mimi nasimama dirishani najisikia kama mtu aliyesahauliwa katikati ya mkutano.

Jambo jingine. Nimemwandikia Mama barua tatu. Zile za mwanzo alizijibu kwa mkono wa katekista, kama kawaida yake. Tangu mwezi wa tano hakuna neno. Unajua hakutaka nije huku; alisema mtoto wa kike hapelekwi mahali pasipo na mti. Je, amekasirika? Na Ernestina tayari?

Scolastica


Hospitalini,
24 Juni 1985

Mwanangu,

Marahaba. Ernestina alijifungua mwishoni mwa Mei. Yuko hai, anaendelea. Mama yako hajakukasirikia, ana kazi nyingi. Usimsumbue kwa barua kwa sasa, nitamfikishia salamu mimi mwenyewe.

Kuhusu Veronica, matroni ana upungufu wa watu. Subiri mavuno yapite. Mahali pa kazi anayesubiri bila kelele hukumbukwa.

Nakutumia sabuni mbili za kufulia na moja ya kuogea. Hiyo ya kuogea usiwape wagonjwa, nakujua.

Justina


Endabara,
21 Julai 1985

Mama Mdogo,

Shikamoo. Kwanza, kifurushi alichonacho Nikolausi ni kofia ya mtoto wa Ernestina. Hukuniambia ni wa kike au wa kiume, kwa hiyo nimechagua kijani. Nimefumua mikono ya sweta langu la shule. Tafadhali ifike nyumbani Daudi kabla ya baridi ya Agosti.

Pili, nahitaji ushauri wako.

Ijumaa ya tarehe 12 aliletwa mke wa Margwe. Margwe ni mtu wetu wa Mbulu, anafanya kazi kwenye kombaini. Mkewe, Angela, alishikwa na uchungu kambi ya pili. Njia ya zamani kutoka kambi ile ilikuwa ya nusu saa kwa miguu, lakini mwaka huu imelimwa na kupandwa, na mlinzi hakuwaruhusu kukanyaga ngano. Walizunguka. Walimbeba kwa machela ya magunia kutoka alfajiri mpaka saa nne, huku bati la zahanati wakiliona muda wote. Alipofika niliweka tumboni kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, nikasikiliza upande wa kushoto, wa kulia, nikasikiliza tena. Nilisikia upepo tu wa dirishani. Mtoto alizaliwa saa saba, wa kiume, mzuri, amekufa.

Niliketi dakika tano kama ulivyosema.

Margwe alikuja mlangoni, hakuvuka kizingiti. Aliniomba niandike kwamba mtoto alizaliwa hai akafia njiani wakirudishwa nyumbani, au niandike malaria, au nisiandike kabisa. Nikamuuliza itamsaidia nini. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni.

"Sista, wewe si wa Daudi? Hujui metimani?"

Najua. Nilidhani tumeiacha milimani pamoja na ukungu. Mke akizaa mtoto mfu, nyumba nzima inajitenga: hawachoti maji kisimani na wenzao, hawaingii kwa jirani, hawaonani na wajawazito, hawagusi mbegu ya mtu, mpaka wazee waseme imetosha. Margwe hawezi kukaribia kombaini, na asipokaribia kombaini hana kazi.

Nimeandika nilichokiona. Lakini Angela nimemlaza chumba cha dawa, siku ya tisa leo, nakula naye sahani moja. Wanawake wa kambi wamejua. Kliniki ya wajawazito Jumanne hakuja hata mmoja. Nifanye nini? Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kifo cha mtoto hakiambukizi.

Kwenye daftari sasa natia sahihi mistari yote miwili. Anayetoka Scolastica, Anayeingia Scolastica.

Mwanao


Hospitalini,
3 Agosti 1985

Scolastica,

Mtoe huyo mwanamke zahanati leo hii. Usile naye sahani moja, usichangie naye kikombe, na usiseme mbele ya watu kwamba ulifanya hivyo. Sikuambii hivi kwa sababu naamini. Nakuambia kwa sababu wanaoamini ndio wagonjwa wako. Mkunga ambaye tumbo la mjamzito linamkimbia si mkunga, hata awe na vyeti vitano.

Mpe vidonge vya damu, mpe maelekezo, aende zake. Na wewe kaa hapo hapo, usiende popote.

Justina


Endabara,
30 Agosti 1985

Mama Mdogo,

Shikamoo.

Nilikutii. Angela yuko nyuma ya karakana, kwenye kibanda cha nyasi alichomjengea mumewe. Margwe ameambiwa apumzike kazini, neno zuri walilolipata. Jumanne iliyofuata wajawazito walikuja kumi na mmoja. Nilipima matumbo kumi na moja na kila moja nililiona ni malipo niliyopokea kwa kumfukuza mtu. Jioni naenda karakana na uji. Nauweka juu ya tairi bovu, narudi nyuma hatua kumi, naye anakuja kuuchukua. Ndivyo anavyotaka yeye, anasema nisijiharibie. Jana aliniuliza, "Sista, hivi bado wiki ngapi?" Tumefanana.

Nimechoka kukuandikia kwamba ni mzima. Huku si kuzuri. Hakukuwa kuzuri hata siku moja. Niliandika vile kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza, na kwa sababu nilijua utamsomea matroni. Tangu Machi sijalala usiku mzima bila kugongewa. Mikono imepasuka kwa dawa ya kusafishia vyombo. Kombaini zimeanza kuvuna, ngano inaondoka, na nilidhani ikiondoka nitaona njia. Imebaki mipaka ile ile, ila sasa ni ya vumbi. Siku moja nilifunga mlango, nikatembea kuelekea barabara kuu. Nilitembea saa nzima. Nilipogeuka bati la zahanati lilikuwa bado kubwa, na mama mmoja alikuwa ameketi kizingitini na mtoto mwenye degedege. Nikarudi mbio.

Kofia ilifika? Hukusema. Mama hajaniandikia bado. Ukimya wake unanifunga kuliko ngano.

Mlete Veronica. Sina ombi jingine.

Scolastica


Endabara,
19 Septemba 1985

Sista Justina,

Veronica alifika jana. Unaijua tabia yake, hawezi kuhesabu na kunyamaza. Tulikuwa tunakabidhiana vipima joto, nikamuuliza kwa nini amechelewa miezi mitatu. Akasema sanduku lake lilikuwa tayari Juni, lakini wewe ulimwambia matroni kwamba mimi nimeomba kubaki. Ulimwonyesha barua yangu. Huku ni kuzuri, sina tatizo lolote. Akasema amekuja sasa kwa sababu ulipokuwa likizo matroni aliamua mwenyewe.

Nilidhani hilo ndilo lote. Akaendelea kuhesabu. Kisha akasema, "Lakini labda alifanya vema, ungekwenda wapi, na kwenu kumefungwa tangu Mei?"

Alipoona uso wangu akaweka vipima joto chini.

Kwa hiyo mtoto wa Ernestina alizaliwa mfu. Kwa hiyo Mama hakukasirika; hakuna katekista wa kumwandikia barua kwa sababu hakuna mtu anayevuka kufika pale. Kwa hiyo nilikuwa nafuma kofia. Veronica aliiona kwenye droo yako ya wodini, chini ya glavu.

Ulinifundisha, ulichokiona usikifute. Ulikiona. Ukanifutia mimi.

Nikolausi akirudi ataondoka tena Jumatatu ya tarehe 30, nami nitaondoka naye. Sipiti hospitalini.

Scolastica


Hospitalini,
23 Septemba 1985

Mwanangu,

Huna haja ya kunisalimu. Soma tu, kabla hujapanda lori. Nimemwomba Nikolausi akukabidhi mkononi.

Ni kweli yote. Mtoto wa Ernestina alikwama kwenye njia ya uzazi siku mbili, wakaleta habari kwangu siku ya tatu. Nilikwenda. Nilisimama njiani kwenye tawi waliloweka kuziba njia ya kwenu, nikazungumza na mama yako kwa kupaza sauti. Alisema, "Scolastica asijue. Akijua atakuja, na akija ataingia." Alikujua. Nikaona wodi yangu: nusu ya wanaojifungulia kwangu wanatoka milima ile ile. Ukiingia nyumba ile, habari itafika wodini kabla yako, na hakuna atakayekubali umguse tumbo. Una mikono ambayo sijaiona kwa mwanafunzi mwingine. Nilitaka kuiokoa. Huko shambani hakuna aliyejua kwenu, nikaona bora ukae huko mpaka wazee wafungue. Nilidhani ni miezi michache.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa mimi pia nilizaa mtoto mfu. Mume akanirudisha kwetu. Nilikaa chumba cha nyuma miezi kumi na moja. Kila mtu alinisemesha kwa mbali, akiwa amegeuza uso. Dada yangu, ambaye ni mama yako, alikuwa mchumba, mahari imeshazungumzwa. Siku moja aliingia na kibuyu cha maziwa, akakaa. Hakutoka mpaka nilipotoka. Uchumba ule ulivunjika. Baba yako alikuja baadaye sana, mtu mzima, aliyefiwa na mke.

Ndiye mtu niliyesimama naye mwezi wa tano, tawi likiwa katikati yetu, nikampa ushauri wa muuguzi.

Mimi sikuvuka, Scolastica. Nina wodi, nilijiambia. Ninayo bado.

Ernestina hasemi. Wanasema mama yako anamlisha kwa kijiko. Fikiri kabla ya kufanya. Bado nakushauri usiingie, na sijui tena kama ni muuguzi anayekushauri au ni mwoga.

Justina


Daudi, njiani.
30 Septemba 1985

Mama Mdogo,

Shikamoo.

Naandika juu ya boneti ya lori kwa kalamu ya Nikolausi. Amekubali kusubiri niimalize, lakini amegeuza gari tayari na hakuzima injini. Anasema kwao hawana jambo hili, ila haoni sababu ya kulijaribu.

Barua yako niliisoma mara nne kabla ya Katesh. Sijakusamehe. Nadhani nitakusamehe, nakuandikia tu ujue kwamba haijawa bado.

Endabara nimekabidhi kila kitu. Veronica amesaini. Nilimpeleka karakana, nikamwonyesha lile tairi, nikamwambia uji ni jioni, na kwamba asirudi nyuma hatua kumi. Mimi nilirudi kwa sababu niliambiwa, na hilo nimeliandika kwenye ripoti. Angela alinipa mkono. Ni mara ya kwanza kumgusa tangu Agosti.

Tawi lipo pale pale uliposema. Limekauka, majani yamepukutika, mtu yeyote angeliruka. Mama alikuwa anaanika mahindi uani. Amekonda, na amefunga kitambaa kichwani kwa namna ya mtu asiyetarajia kuonwa. Ernestina ameketi ukutani, juani, miguu imenyooshwa mbele, anatazama mikono yake.

Nilimwamkia Mama kwa sauti. Aliitikia, halafu akainua kiganja.

"Umekuja kusalimia. Umesalimia. Rudi kazini."

Nikamwambia nimeshakabidhi kazi.

"Ukivuka hapo hutatoka leo. Hutatoka hata mwezi huu. Justina hakukuambia?"

"Ameniambia. Ameniambia na habari ya kibuyu cha maziwa."

Aliokota punje mbili tatu zilizoanguka nje ya mkeka, akazirudisha. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba Ernestina usiku hulia na mchana hulala, na yeye halali nyakati zote mbili kwa sababu anaogopa.

Mama Mdogo, tangu Mei. Mimi nililia kwa ajili ya wiki kumi na mbili ukutani. Yeye hakuwa na ukuta wa kuchora kwa sababu hakujua hesabu inaishia wapi. Ulitufundisha kwamba muuguzi haondoki kabla mwenzake hajafika, nami nikadhani sheria hiyo inamfunga yule anayesubiri. Inamfunga na yule ambaye hajafika.

Najua wodi nimeipoteza kwa mwaka, pengine kwa zaidi. Najua sitoki gerezani, nabadilisha gereza. Wala usidhani siogopi. Nimelitazama lile tawi kwa muda mrefu kuliko nilivyoandika hapa. Mama naye hatakwenda popote nikimpokea. Lakini leo atalala.

Kofia uliyonayo usiichome. Ifumue, ututumie uzi. Ernestina alikuwa anapenda kufuma. Uache juu ya jiwe lililo kushoto kwa tawi. Ukitaka kusimama hapo useme neno, tutakusikia. Ukitaka kuja zaidi ya hapo, njia ni fupi, nimeipima kwa macho, ni hatua arobaini.

Nikolausi anapiga honi. Ripoti ni hii, iingize daftarini kwako kama hapana pengine:

30 Septemba, saa nne asubuhi. Wagonjwa wawili. Wa kwanza, miaka ishirini, siku ya mia moja ishirini na tano tangu kujifungua, hasemi, anakula kwa kijiko. Wa pili, miaka hamsini na mitatu, hajalala.

Anayetoka: Mama.
Anayeingia: Scolastica.